Andikeni grisi, utepe watauandika wengine

SAFU YA WASOMAJI: MHANDISI MSTAAFU ANAJIBU

Mwezi huu barua na ujumbe wa simu vimekuja vingi kuliko kawaida, na karibu vyote vinauliza jambo moja: historia ya uhandisi nchini kwetu. Nimechagua tano. Salamu nimezikata ili nafasi itoshe, lakini zote nimezipokea. Marahaba.

*

Sisi ni wahandisi vijana wanne. Tunataka kuanzisha kijarida cha kila miezi mitatu kuhusu historia na urithi wa uhandisi Tanzania. Toleo la kwanza tumelipanga liwe na kurasa nane, kuanzia enzi za Mjerumani hadi Bwawa la Julius Nyerere. Unatushauri nini? Na je, ajali tuziandike? Mwenzetu mmoja anasema zitatuharibia.
— Vijana wa Dodoma

Kurasa nane kwa miaka yote hiyo zitawatosha kutaja nani alikata utepe na tarehe ya utepe. Msomaji atafika ukurasa wa tatu atafunga. Chagueni kitu kimoja tu, kitu ambacho mtu anaweza kukipapasa kwa mkono, mkimalize.

Ningekuwa mhariri wenu ningeanza na Liemba. Meli hiyo ilitengenezwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam kwa bahari. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, kilomita 1,252 kutoka Dar, na kwa reli hiyo meli ikasafirishwa kwenda ziwani. Fikirini kidogo kazi ya karani wa masanduku: likipotea moja lenye vali, mengine yote ni chuma chakavu. Kigoma wakaunga upya, ribiti kwa ribiti (ile misumari minene ya kushikanisha mabamba ya chuma), na Februari 1915 ikashushwa Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, Wajerumani walipokuwa wanaukimbia mji, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi.

Habari yenu iko hapa. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, zikafungwa za dizeli.

Toleo zima limo ndani ya grisi hiyo. Elezeni kwa nini injini ndiyo iliyopakwa. Bamba la ubavuni likiliwa na kutu milimita moja, meli bado inaelea. Shafti iliyosuguliwa ikapata vishimo vya kutu, hata vya kuonekana kwa kioo cha kukuzia tu, itaitafuna beringi kila inapozunguka, na hapo ziwani hakuna duka la kununulia nyingine. Waliofanya kazi ile walijua kwamba mwili wa meli unaweza kuchomewa kiraka popote, lakini nyuso zinazosuguana zikishaharibika zinahitaji mashine kubwa ya kuchonga. Mtu anayezamisha meli huku anaitunza ana nia ya kurudi. Historia ya vita imo humohumo, wala hamhitaji kuandika sura ya vita.

Halafu watu. Mafundi watatu waliotoka Papenburg majina yao yanajulikana: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Lakini ribiti haipigwi na mtu mmoja. Kuna wa kuichoma mpaka iwe nyekundu, wa kuipeleka, wa kuishikilia kwa nyuma na wa kuipiga kichwa kabla haijapoa. Mikono hiyo ilikuwa ya mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika. Sentensi ya "ilijengwa na Wajerumani" ikitokea katika kijarida chenu, mhariri aipige mstari. Hata Reli ya Kati yenyewe: kandarasi ilikuwa ya kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, lakini tuta lilichimbwa kwa majembe, na wengi wa walioyashika walikuwa Wanyamwezi. Andikeni vyote viwili.

Hao wa mwaka 1915 hamtawakuta. Mafundi wa enzi za dizeli mtawakuta. Nendeni Kigoma na Ujiji, waulizeni wazee waliofanya kazi kwenye chumba cha injini: joto lilikuwaje, kifaa gani kilisumbua, spea ilipokosekana walichonga nini badala yake. Hilo la mwisho ulizeni kwa upole, maana fundi wa zamani hudhani unatafuta kosa lake. Mkimpa muda atawaeleza jinsi alivyotengeneza gasketi kwa kitu ambacho hakikuwa gasketi, na hapo ndipo uhandisi wetu wa nusu karne ulipolala.

Neno "ya kwanza Afrika Mashariki" lipigeni marufuku. Linaleta barua za ugomvi na halimfundishi mtu chochote.

Ajali andikeni. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na hakuna mtu wa umri wangu asiyejua alikuwa wapi aliposikia. Igandu, mkoani Dodoma, Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mwinuko, ikaenda kasi kinyumenyume na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 wakafa. Kijarida cha wahandisi kinachoruka hayo ni kalenda ya ofisini. Ila msiende kama waendesha mashtaka. Elezeni meli inayoinama hujirudi kwa nguvu gani, na nguvu hiyo hupungua vipi mzigo ukikaa juu. Elezeni breki ya treni hushikwa na nini pale injini inaposhindwa kuvuta. Msomaji mwenye ndugu aliyekufa pale atataka kujua hilo kuliko mtu yeyote. Mwenzenu anayeogopa mpeni ukurasa huo aandike yeye.

*

Mwalimu alituambia darasani kwamba uhandisi uliletwa na wakoloni. Ni kweli?
— Mwanafunzi wa kidato cha tano, Moshi

Mjukuu wangu, uko Moshi na unaniuliza mimi! Panda juu kidogo, vijiji vya migombani, uulize uoneshwe mfongo. Ni mfereji uliochimbwa kwa mikono kuchukua maji kutoka korongo la mto na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi mashambani. Mifongo ilikuwapo wazungu walipofika Kilimanjaro, na waliandika kwa mshangao.

Ukiona mfereji usione shimo refu. Mteremko ukizidi, maji yanakwenda mbio na kula udongo hadi mfereji unakuwa korongo. Ukipungua, maji yanalala, tope linatuama, mfereji unajaa. Kati ya hapo kuna kipimo chembamba, nacho kinabadilika kwa aina ya udongo na wingi wa maji. Waliochimba walikuwa wanayafuata maji yenyewe, wanachimba kidogo, wanayaachia, wanatazama. Leo tunatumia darubini ya kupimia, lakini swali ni lilelile.

Ukishuka Upare kuna ndiva. Hili ni bwawa dogo la kukusanya maji ya kijito usiku kucha, yafunguliwe asubuhi kwa wingi. Kijito chembamba ukikielekeza shambani moja kwa moja, maji yote yananywewa na mfereji kabla ya kufika bonde la mwisho. Ukiyakusanya kwanza yanatoka na nguvu, yanafika. Na zamu ya kufungua ina wasimamizi na kanuni zake, maana bila hivyo majirani wangepigana.

Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa wilayani Monduli, kuna mabaki ya mashamba ya umwagiliaji yenye eneo la hekta zipatazo 2,000, mifereji yake imepangwa kwa mawe bila saruji. Watu waliishi pale kati ya karne ya 15 na ya 18. Baadhi ya mashamba hayo yalitengenezwa kwa ujanja ambao mimi huwaambia wahandisi wa barabara wautafakari: waliyaacha maji ya mfereji yenye tope yapite juu ya ukuta mdogo wa mawe, tope likatuama, wakainua ukuta, likatuama tena, mpaka shamba likajengwa na mto wenyewe. Sisi tope tunalilipia malori.

Na chuma. Wahaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru ya udongo tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walitoa makala mwaka 1978 katika jarida la Science baada ya wazee wa Kihaya kujenga tanuru upya kutokana na kumbukumbu ya kazi waliyoifanya ujanani. Wazee walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakasimamisha tanuru juu yake. Mirija ya udongo ya kupitisha hewa ya mivukuto iliingia mbali ndani ya moto, kwa hiyo hewa ilipata moto ndani ya mrija kabla ya kufika kwenye mkaa. Hewa ya moto, joto la juu zaidi. Kilichotoka kilikuwa na sehemu ya feleji, chuma kigumu chenye kaboni kidogo. Wataalamu wamebishana kuhusu joto lilifika wapi hasa, na wabishane, ndiyo kazi yao. Mwalimu wako mpelekee hili kwa adabu, usimwaibishe mbele ya darasa.

*

Marehemu babu alikuwa akisema trekta za mradi wa karanga zilikuwa vifaru vya vita. Alikuwa anatutania?
— Nachingwea

Hakutania. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947, vita vimekwisha juzi tu na trekta mpya hazipatikani. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikavua mizinga na kuvigeuza trekta. Viliitwa Shervick, nusu Sherman nusu Vickers. Vyuma vya vita vikakutana na udongo wa Kongwa, ambao ukikauka unakuwa kama zege. Mradi ukaachwa mwaka 1951. Kwenu kusini ulibakisha bandari ya Mtwara na reli ambayo baadaye iling'olewa. Mtaani kwenu kukiwa bado na kipande cha mnyororo wa chuma kinachotumika kama kizuizi cha geti, kipime upana na upige picha, uwatumie wale vijana wa Dodoma.

*

Nafanya biashara ya mchele Ifakara. Mzigo ukipanda TAZARA hauwezi kuendelea Tabora mpaka ushushwe na kupakiwa upya. Nchi moja, reli mbili zisizosalimiana. Nani alifanya uzembe huu?
— Mfanyabiashara, Ifakara

Nakuelewa, kila kushusha na kupakia ni gharama na ni magunia yanayochanika. Lakini uzembe haukuwapo.

Reli ya Kati ina geji ya milimita 1,000 kati ya reli na reli. TAZARA ni 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya vidole vyako vinne ukivibana. Magurudumu ya behewa yamekazwa kwenye ekseli kwa kipimo, kwa hiyo behewa la huku likipelekwa kule, ama linakwama ama linadondoka katikati.

Sasa rudi miaka ya 1960. Zambia ilikuwa na shaba, na baada ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, njia ya kusini ikawa kama kumpa adui funguo za duka. Mkataba na China ukasainiwa mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, ukakamilika 1975, na reli ikakabidhiwa Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Reli za Zambia na za kusini yote zilikuwa 1,067. Kama TAZARA ingejengwa kwa 1,000, kila behewa la shaba lingesimama Kapiri Mposhi kushushwa. Mahali geji zinapobadilika hapakwepeki, unachagua tu pawe wapi. Waliamua pasiwe kwenye njia ya shaba. Mchele wako, samahani, haukuwa kwenye hesabu.

Utaniuliza kwa nini hawakuongeza reli ya tatu pembeni ili treni zote mbili zipite. Swali zuri, hata wahandisi huliuliza. Reli ina kitako kinachokaa juu ya taruma (gogo la kulalia reli), na kitako hicho ni kipana kuliko milimita 67. Reli mbili haziwezi kusimama bega kwa bega kwa umbali huo, vitako vinapandana. Kwa SGR, ambayo ni 1,435, tofauti na reli ya zamani ni milimita 435, hapo reli ya tatu inaingia bila taabu. Tofauti ndogo ndiyo ngumu zaidi.

Kwa hiyo zikakutanishwa Kidatu, mwisho wa tawi linalotoka Kilosa, ambako tangu mwaka 1998 kuna kituo cha kuhamishia mizigo. Kontena huhama kwa winchi, na magunia huhama kwa migongo ya watu. Ushauri wangu wa biashara ni mmoja: kama mzigo wako unatosha kontena, shirikiana na wenzako mlijaze, maana linalohama ni sanduku na siyo gunia.

Na kwa kuwa uko Ifakara, siku moja panda hiyo treni kwenda juu, mchana, ukae dirishani baada ya Mlimba. Kutoka hapo hadi Makambako ni kilomita 158 zenye mahandaki 18 na madaraja 46. Daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50 hivi. Vichwa vya kwanza vya treni, vya Kichina vya dizeli-haidroliki, vilihemewa kwenye mlima huo, na miaka ya 1980 vikaletwa vya dizeli-umeme. Nilimjua dereva aliyependa vile vya kwanza hadi anazeeka. Alisema vya pili vina nguvu lakini havina adabu.

*

Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli, Tabora. Alifariki mwaka jana. Ameacha sanduku la bati lenye michoro ya karatasi za buluu, madaftari na picha. Ndugu wanasema tuchome, linaleta mende. Mama anasita. Nifanye nini?
— Binti wa fundi

Pole, binti yangu. Msichome, na leo hiihii liondoe sanduku kwenye sakafu, liweke juu ya matofali, mbali na ukuta. Mchwa hupitia ukutani.

Usipange upya. Najua mkono unawasha kupanga, lakini mpangilio wa baba ni habari: daftari lililokuwa limefungwa pamoja na mchoro fulani, huenda vipimo vyake ndivyo vilivyomo. Toa kimoja, piga picha kwa simu ukiwa kivulini, weka rula pembeni ionekane, rudisha palepale.

Zile karatasi za buluu hufifia kwenye mwanga. Usizitundike sebuleni hata kama ndugu wakizipenda ghafla. Zilizofifia kiasi hurudisha rangi zikikaa gizani kwa muda. Usibandike selotepu palipochanika, gundi yake itakuwa ya kahawia na kula karatasi. Lamineshini usifanye kabisa, hairudi nyuma. Pini zenye kutu zitoe taratibu, na rababendi zote tupa, ufungie uzi wa pamba.

Picha ndizo za haraka, kwa sababu ya mama. Kaa naye, oneshana naye moja moja, mwulize nani huyu, karakana ipi, sherehe gani. Andika nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya upande wa pili. Washa kinasa sauti cha simu, maana atasema mengi zaidi ya majina, na mengine yatakuwa ya kumlalamikia baba. Yaache yote.

Mkimaliza, andikieni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, mweleze kwa ufupi kilichomo na mwambatanishe picha tano au sita. Msikabidhi sanduku kwa mtu anayekuja na gari na ahadi, hata akiwa mhandisi, hata akisema amenijua mimi. Kukabidhi ni kwa maandishi, nakala moja abaki nayo mama.